Kabla Msumeno Haujapanda kwenye Kenchi

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, mzee mmoja wa kamati ya madrasa ya mtaani kwetu alinishika mkono. "Mwanangu," akaniambia, "wewe si ulisomea mambo ya majumba? Hebu njoo ututazamie jambo." Nikamfuata. Ndani ya ukumbi nikamkuta fundi yuko juu ya ngazi, msumeno mkononi, na alama ya penseli imeshachorwa kwenye mbao ya chini ya kenchi ya kwanza.

Habari yenyewe ni hii. Ukumbi una upana wa mita 8 na urefu wa mita 14. Paa ni la mabati, limekaa juu ya kenchi 6 za mbao zilizopangwa kila baada ya mita 2. Mchana wa Februari watoto humo ndani huiva kama mikate tanurini. Kamati imepata mfadhili wa dari, na fundi amewashauri kuwa dari isiwe bapa, ifuate mteremko wa paa, ili joto lipate pa kupandia na ukumbi uonekane mpana kama wa hoteli. Kikwazo ni zile mbao za chini zinazokatiza kutoka ukuta hadi ukuta.

"Hizi hazibebi kitu, kaka," fundi akanihakikishia. "Ni za kupigilia dari tu. Paa limebebwa na hizi za juu."

Nilimwomba ashuke kwanza tunywe kahawa. Si fundi mbaya, na wala si yeye peke yake anayesema hivyo. Nimelisikia neno hilo Kisauni, nimelisikia Likoni, na nimelisikia kwa watu wenye nyumba ambao wangepaswa kuogopa zaidi kuliko mimi. Ndipo nikaona niliandike hapa, kwa sababu jawabu lake halihitaji kubishana. Lahitaji mchoro, mstari mmoja wa kalamu, na hesabu ya kuzidisha na kugawanya ambayo mtoto wa darasa la saba anaiweza.

Kwanza, kwa nini kuna kenchi. Wazee wetu waliojenga nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa walikuwa na boriti za mikoko. Boriti moja ilivuka chumba peke yake, ukuta hadi ukuta, na uzito wa mawe na chokaa ya sakafu ya juu ukaikalia mgongoni. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, na mara nyingi upana wake haufiki mita 3. Si kwamba watu walipenda kubanana. Boriti ndiyo iliyoamua. Na msikiti uliotaka upana zaidi ulilazimika kuwekwa nguzo katikati, nguzo zikaja zikakata safu za wanaosali.

Kenchi imetuondolea nguzo hizo, na siri yake ni pembetatu. Pigilia fito nne ziwe mraba, msumari mmoja kila pembe, kisha usukume: mraba utalala ubavu. Pigilia fito tatu, hutaweza kuzilaza mpaka uvunje kitu. Kenchi ni pembetatu zilizoshikana mikono. Katika boriti mzigo hujaribu kuipinda. Katika kenchi kila mbao hupewa kazi moja kati ya mbili tu: ama inavutwa, kama kamba ya mashua iliyofungwa gatini, ama inabanwa, kama nguzo iliyobeba kitu kichwani. Shida ni kwamba jicho halizitofautishi. Mbao inayovutwa na mbao inayobanwa zote zimetulia hapo juu kimya, zina rangi moja na vumbi moja. Na ile inayovutwa ndiyo inayowadanganya watu, kwa sababu imelala tu na hakuna kilichowekwa juu yake.

Katika madrasa hakukosekani ubao wa chaki. Nikachora. Nawe msomaji chukua karatasi na rula, maana bila mchoro maneno haya yatakuponyoka. Sentimita 1 iwe mita 1. Piga mstari wa kulala wa sentimita 8, uweke alama kila baada ya sentimita 2: A ukutani kushoto, kisha B, kisha C katikati, kisha D, na E ukutani kulia. Juu ya B, kwa sentimita 1, weka F. Juu ya C, kwa sentimita 2, weka G, hicho ndicho kilele. Juu ya D, kwa sentimita 1, weka H. Unganisha A-F-G-H-E, hizo ni mbao za juu zinazobeba mabati. A-B-C-D-E ni mbao ya chini. Za wima ni BF, CG na DH. Za mshazari ni mbili, FC na HC.

Hesabu vipande, utapata 13. Hesabu viungo, utapata 8. Viungo mara 2, toa 3, ni 13. Hesabu hiyo ikitimia, na umbo likiwa limejengwa kwa pembetatu hivi, unaweza kujua nguvu iliyomo ndani ya kila mbao kwa kanuni ya mizani peke yake, bila kuuliza mbao ni ya mti gani wala ni nene kiasi gani.

Sasa mzigo. Kila kiungo cha juu hubeba eneo la paa lenye mita 2 kwa mita 2. Mimi nilikadiria kilo 75 kwa kila mita mraba: mabati, mbao zake, dari inayokuja, na fundi atakayepanda siku moja kuziba tundu. Mara mita mraba 4, ni kilo 300. Basi pale F pana kilo 300, G kilo 300, H kilo 300. Kile kipande cha mwisho cha kila upande kinashuka ukutani moja kwa moja, hakituhusu. Jumla ni kilo 900, na kuta mbili zagawana nusu kwa nusu. Kwa hiyo ukuta wa kushoto unaisukuma kenchi kwenda juu kwa kilo 450 pale A. (Wahandisi mtaninyooshea kidole kwamba nguvu hupimwa kwa nyutoni. Ni kweli. Kilo 100 ni karibu kilonyutoni 1, na anayetaka abadilishe. Fundi wangu anajua uzito wa mfuko wa saruji, hajui nyutoni.)

Chuoni nilipokuwa nasoma diploma, njia ya kwanza tuliyofunzwa ilikuwa ya kiungo kwa kiungo. Unaanza ukutani, unasawazisha nguvu za kiungo cha kwanza, unapeleka jibu kwa cha pili, kisha cha tatu. Mmarekani Squire Whipple aliichapisha katika kitabu chake cha madaraja mwaka 1847, na ni njia sahihi. Lakini ni kama kupitisha ndoo za maji kwa mikono wakati wa moto: mmoja akimwaga, wote walio mbele yake wanapokea pungufu. Nilikuwa nikikosea kidogo kwenye kiungo cha pili, na nikifika katikati jibu langu halifanani na la mtu yeyote darasani. Tena ukitaka kujua mbao moja tu iliyo katikati ya kenchi yenye vipande 40, lazima uwapitie majirani wote.

Katika miaka ya 1860 Mjerumani mmoja, August Ritter, alieneza njia ya mkato. Usitembee kiungo kwa kiungo, alisema, kata. Pitisha mstari katikati ya kenchi, kwenye karatasi, uigawe vipande viwili kabisa. Tupa kimoja. Kilichobaki kilikuwa kimetulia kabla ya kukatwa, basi lazima kiendelee kutulia, na kitakachokituliza ni nguvu zilizokuwamo ndani ya mbao ulizozikata. Ukiona kinahitaji nini ili kisianguke wala kisizunguke, umejua mbao zile zilikuwa zikifanya nini.

Lipo sharti. Mstari wako usikate zaidi ya mbao tatu ambazo hujui nguvu zake, na hizo tatu zisiwe zinakutana mahali pamoja. Sababu utaiona sasa hivi.

Nilikata kati ya B na C. Mstari unashuka kutoka juu, unakata FG, unakata ya mshazari FC, na unakata BC, ile ile iliyokuwa na alama ya penseli ya fundi. Nikaufuta upande wote wa kulia. Kilichobaki ubaoni ni pembetatu ndogo A, B, F, inayosukumwa juu na ukuta kwa kilo 450 pale A, na kukandamizwa chini kwa kilo 300 pale F. Na mbao tatu zilizokatwa, hazijulikani.

Hapo ndipo nikamwambia fundi afunge mlango wa madrasa kwa kuusukuma kwenye bawaba. Akacheka, maana kila mtu anajua hautaenda. Ukiusukuma kwenye kitasa unaenda kwa kidole. Nguvu ni ile ile, tofauti ni umbali kutoka bawabani. Nguvu mara umbali ndiyo inayozungusha, na wasomi huiita momenti. Nguvu inayopita kwenye bawaba yenyewe, hata iwe ya tembo, haizungushi kitu. Njia yote ya kukata imesimama juu ya mlango huo. Una mbao tatu usizozijua. Chagua mahali ambapo mbili kati yake zinakutana, ufanye hapo ndipo bawaba. Hizo mbili zinanyamaza. Ya tatu inabaki peke yake, haina pa kujificha.

Tuanze na ya fundi. Ninataka BC, basi ninyamazishe FG na FC. Zinakutana F. Fanya F bawaba. Mzigo wa kilo 300 unapita F, nao umenyamaza. Kilichobaki ni ukuta: kilo 450, umbali wa mita 2 kwa upande. 450 mara 2 ni 900. Nguvu hiyo inataka kukizungusha kipande chetu kwa mwendo wa saa. Nani wa kukizuia? BC pekee, nayo iko mita 1 chini ya F. 900 gawanya kwa 1 ni 900.

Kilo 900. Na uelekeo wake unajisema wenyewe: ili izuie kuzunguka, ni lazima ikivute kipande kuelekea katikati ya ukumbi. Mbao inavuta, maana yake nayo inavutwa. (Kwamba kilo 900 pia ndiyo jumla ya mzigo wa kenchi nzima ni sadfa ya vipimo hivi, usiifanye kanuni.)

Fundi aliutazama ubao, akaitazama mbao, akautazama msumeno wake.

Tumalize zile mbili nyingine, zinakwenda haraka. Kwa FG, bawaba ni C, ambapo FC na BC zinakutana. Ukuta: 450 mara mita 4 ni 1,800. Mzigo wa F unazungusha upande wa pili: 300 mara 2 ni 600. Zimebaki 1,200. Sasa weka skwea na upime kutoka C hadi mstari wa FG kwa pembe mraba, utapata sentimita 1.79, yaani mita 1.79. 1,200 gawanya kwa 1.79 ni karibu kilo 670, na hii inabanwa. Kwa FC, mbao nyingine mbili zinakutana A. Fanya A bawaba, ukuta umenyamaza. Kilo 300 mara mita 2 ni 600, na umbali wa mstari wa FC kutoka A nao ni mita 1.79. Jibu ni karibu kilo 335, inabanwa.

Ukitaka kujihakikishia, jumlisha nguvu za kwenda kando. FG inasukuma kushoto kiasi cha 600, FC 300, BC inavuta kulia 900. Zimelingana. Hesabu ikikataa kulingana hapo, rudi nyuma, usilaumu chaki.

Na ile ya wima ya katikati, CG, ambayo kila mtu huiita nguzo? Za mshazari mbili zinaikandamiza C kwenda chini, kila moja kilo 150. Chini ya C hakuna ukuta wala chochote. Basi CG ndiyo inayoishikilia C isishuke, kwa kilo 300. Haisimami, inaning'inia. Nimeona mafundi wakiipachika pale juu bila msumari wa kutosha kwa kudhani kuwa uzito utaibana. Uzito unaichomoa.

Mzee wa kamati, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya nimheshimu zaidi: "Na tukiikata, hizo kilo 900 zinakwenda wapi?"

Zinakwenda ukutani, mzee wangu. Mbao ya chini ilikuwa ikiizuia miguu ya kenchi isitanuke, kama mtu aliyesimama kwenye sakafu ya utelezi. Ukiiondoa, kazi ile ile ya kilo 900 itadaiwa kutoka juu ya ukuta, na ukuta utasukumwa kwenda nje. Kenchi 6 mara kilo 900 ni kilo 5,400 kwa kila ukuta wa urefu, zaidi ya tani 5, zikisukuma kwa ubavu mahali palipojengwa kubeba kwa wima. Ukuta wa mawe hubeba ukiukalia. Ukiusukuma kwa kando kule juu, hauna la kukushikia.

Fundi hakukubali kirahisi, na alikuwa na haki. Akasema amewahi kukata mbao kama hizo nyumba mbili, na mpaka leo zimesimama. Namwamini. Hesabu yangu inaichukulia F kama bawaba, lakini mbao ya juu mara nyingi ni moja ndefu inayopita F bila kukatika, kwa hiyo inajikaza kwa kupinda. Misumari nayo inashika kidogo, na mshipi wa zege ulio juu ya ukuta unasaidia. Nyumba inaishi kwa deni. Mbao inayopinda chini ya mzigo wa kudumu huendelea kupinda polepole, mwaka baada ya mwaka, hasa katika unyevu wetu huu. Utaona mabati yamefanya bonde, kisha ufa wa kulala juu ya madirisha, kisha utasikia watu wakisema nyumba ina mashetani.

Kuna mambo mawili ya zama zetu ambayo mkato huu unayaeleza vizuri kuliko hotuba. La kwanza ni mapaa ya kuficha, haya ya siku hizi yaliyolala nyuma ya ukuta ili nyumba ionekane bapa kama ya Dubai. Rudi kwenye hesabu ya BC. Tuligawanya kwa mita 1 kwa sababu F ilikuwa mita 1 juu ya mbao ya chini. Lilaze paa, kilele kiwe mita 1 badala ya 2, basi F iko nusu mita. 900 gawanya kwa nusu ni 1,800. Mabati ni yale yale, ukumbi ule ule, mbao ya chini imeongezewa mara mbili. Mwenye nyumba anamwambia fundi, "Paa ni dogo, weka mbao nyepesi." Ilikuwa aseme kinyume chake.

La pili ni upepo. Mabati ni mepesi, na kusi ikivuma kwa nguvu juu ya paa hulinyonya kwenda juu. Tuseme, kwa mfano tu, imelishinda uzito wa paa na ikabaki kilo 200 za kuinua pale F, G na H. Kata pale pale, bawaba ile ile. Ukuta sasa ndio unaoishikilia kenchi isiruke, kwa kilo 300. 300 mara 2, gawanya kwa 1, ni 600, lakini sasa BC inabanwa. Mbao iliyozoea kuvutwa inageuzwa kuwa nguzo iliyolala, ndefu na nyembamba, na kitu chembamba kinachobanwa hukimbilia ubavuni, kama ufito unaoukandamiza ncha mbili. Kinachoizuia ni zile mbao za dari zilizopigiliwa juu yake kwa kukatiza. Kwa hiyo fundi alikuwa amelishika jambo kwa kichwa chini: mbao ya chini haiko pale kwa ajili ya dari, dari ndiyo inayoisaidia mbao ya chini.

Baada ya hapo tulipanda ngazi, mimi na yeye, na tochi. Nilitaka kutazama kitu kimoja ambacho hesabu ilikuwa imenionyesha. Mbao yenyewe ya inchi 6 kwa 2 ina takriban sentimita mraba 75 za kukabili zile kilo 900, yaani kilo 12 kwa kila sentimita mraba. Kwa mbao kavu isiyo na mafundo mabaya si mzigo wa kutisha. Lakini hakuna mbao ya mita 8 dukani. Kila mbao ya chini imeungwa mahali fulani, na pale pa kuungia kilo 900 zinavuka kwa misumari. Kenchi tano zilikuwa na viraka vya mbao pande zote mbili, vimepigiliwa vizuri. Ya nne kutoka mlangoni ilikuwa na kiraka upande mmoja, misumari mitatu, na nafasi ya kidole ilikuwa imefunguka kati ya mbao mbili. Chini yake ndipo wanapokaa watoto wa juzuu Amma.

Hakuna aliyejua. Tungekuwa tumeshughulika na dari peke yake, ingefichwa juu ya jipsam isionekane tena. Kamati ilifunga ukumbi siku hiyo hiyo, kenchi ikaegemezwa kwa miti kutoka chini, na mhandisi aliyeletwa akaandika idadi ya bolti na unene wa viraka, kwa sahihi yake. Mimi nina diploma, sina muhuri, na hesabu ya ubao wa chaki ni ya kujua pa kuogopa. Ya kujengea ilipiwe.

Dari imebaki bapa. Feni zimewekwa fimbo fupi, na matundu ya hewa yamefunguliwa kwenye kuta za pembetatu za mwisho ili joto la juu ya dari lipate kutoka.

Juma lililopita fundi alinipigia simu, na safari hii alikuwa na penseli. Kamati ilitaka tangi la lita 500 lipandishwe juu ya mbao za chini, katikati ya ukumbi, ili maji yateremke kwa kasi sehemu ya udhu. Akaniambia amekata mwenyewe kwenye karatasi, akataka nimsikilize. Kama tangi lote litakalia C ya kenchi moja, kila ukuta unaongezewa 250 na kuwa 700. BC: 700 mara 2 gawanya kwa 1, ni 1,400. FG: 700 mara 4 ni 2,800, toa 600, gawanya kwa 1.79, karibu 1,230. CG: 300 na 500, ni 800. Kilichomshangaza ni FC. Amerudia mara tatu na inatoka 335 ile ile, akidhani amekosea.

Hakukosea. Ukifanya A bawaba, ukuta umenyamaza, na tangi liko upande ule uliofutwa. Ya mshazari haijui kama kuna tangi.

"Basi ni hii ya chini tena," akasema. Nikamwambia ndiyo, ni hiyo ya chini tena. Tangi limejengewa mnara wake wa mawe nje, ubavuni mwa mahali pa kutilia udhu.